Anarcha, Betsey na Lucy wamesimama

Ugonjwa wa Anarcha, binti mtumwa wa Alabama wa miaka ya 1840, niliujua miaka mingi kabla ya kulijua jina lake. Kabla sijahamia Marekani nilikuwa muuguzi mkunga Tanzania, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa katika wodi ya wanawake wenye fistula ya uzazi. Aliyewahi kufanya kazi katika wodi ya namna hiyo hana haja ya kuelezwa. Asiyewahi, basi ajue kwamba mama anashikwa na uchungu pingamizi, mtoto hapiti, na hakuna wa kumpasua. Siku ya kwanza inakwisha, ya pili inakwisha. Kichwa cha mtoto kinabana nyama laini iliyoko kati ya kibofu na uke, damu haifiki pale, nyama inakufa. Mtoto mara nyingi huzaliwa mfu. Siku chache baadaye ile nyama iliyokufa inadondoka, linabaki tundu, na kuanzia hapo mkojo unatoka wenyewe, mchana na usiku, akiwa amekaa, amesimama au amelala.

Kinachowaua wanawake hawa taratibu ni harufu, au tuseme hofu ya harufu. Nilimpokea mama mmoja aliyesafiri kwa basi akiwa amekalia mfuko wa nailoni, kiti cha nyuma kabisa, na njia nzima hakunywa hata tone la maji ili asilowe. Alipofika midomo ilikuwa imepasuka. Tulipompa kikombe cha maji alitutazama kwanza kuona kama tuna uhakika. Wengine walikuwa wameachwa na waume, wengine wamejengewa kibanda nyuma ya nyumba, wengine hawajaingia msikitini wala kanisani tangu uzazi ule. Walikuja na vipande vya kanga na vitenge vilivyochanwachanwa, vimefuliwa mpaka rangi imekwisha.

Kwenye chumba cha upasuaji nilimsikia daktari kila siku akisema, "Nipe Sims." Ni spekulamu, chuma kilichopinda pande zote mbili, kinachofungua njia ili tundu lionekane. Upo pia mkao wa Sims, mgonjwa akilala kwa ubavu wa kushoto na goti limekunjwa. Niliyajua majina hayo kama ninavyojua jina la mkasi. Katika masomo yangu yote hakuna aliyetueleza Sims alikuwa nani, wala kile chuma kiliingizwa mwilini mwa nani mara ya kwanza.

Majibu niliyapata Alabama. Ninaishi Georgia, na kikundi chetu cha akina mama wa Afrika Mashariki kilipanga safari ya kwenda Montgomery, kuona kumbukumbu ya watu weusi walionyongwa na makundi ya wazungu bila kufikishwa mahakamani. Kumbukumbu hiyo ilifunguliwa 2018, na ina majina zaidi ya 4,000. Tulitoka pale kila mmoja akiwa kimya. Dada mmoja wa Mombasa ndiye aliyesema kuna sanamu nyingine anataka tuzione, barabara ya Mildred, na kwamba mimi hasa nisirudi nyumbani bila kuziona. Alijua nimefanya kazi gani nyumbani.

Ni wanawake watatu wa chuma. Anarcha ndiye mrefu zaidi, karibu mita 4.5, na wenzake Betsey na Lucy wako kando yake. Aliyewaunda ni msanii wa Montgomery, Michelle Browder, na walizinduliwa Septemba 2021 kwa jina la Mama wa Jinakolojia, yaani taaluma ya magonjwa ya wanawake. Wameungwa kwa kuchomelewa vyuma chakavu, vyuma ambavyo watu walikuwa wamevitupa, na vifaa vya hospitali vimo humo. Browder alilichagua hilo kwa makusudi, kwa sababu wanawake hawa nao walitupwa. Mmoja wao amevaa taji la spekulamu. Nilikitambua kile chuma kabla dada yule hajanionyesha kwa kidole, maana mikono yangu ilishakisafisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Tumboni mwa Anarcha hamna kitu. Pale ambapo pangekuwa na mji wa mimba pana uwazi, na ndani ya uwazi huo pana ua moja jekundu. Mji wa mimba wenyewe umewekwa pembeni, umejazwa vioo vilivyovunjika, sindano, mikasi na vitu vyenye ncha. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Wenzangu walipiga picha wakamaliza, wakarudi garini, wakanisubiri bila kunihimiza.

Habari zao zinajulikana, na nyingi zimetoka kwenye kalamu ya James Marion Sims mwenyewe. Alikuwa daktari mzungu Montgomery katika miaka ya 1840. Juni 1845 aliitwa kwenye shamba moja kumwona binti mtumwa wa miaka kama 17 aliyekuwa amekaa na uchungu siku tatu. Huyo ndiye Anarcha. Alipopata fistula, bwana wake alitaka itafutwe dawa, maana mtumwa anayevuja mkojo hauziki na hafai kwa kazi. Betsey na Lucy waliletwa kwa shida hiyo hiyo. Sims akawajengea kihospitali uani kwake, na akapatana na mabwana kwamba yeye atawatunza bila kudai senti, wao waendelee kulipia mavazi na kodi. Kodi, kwa sababu kisheria walihesabiwa kuwa mali. Neno hilo limo katika maelezo yake mwenyewe, limeandikwa kama jambo la kawaida kabisa.

Betsey ndiye wa kwanza kupimwa kwa kile kifaa, ambacho wakati huo kilikuwa kijiko cha chuma kilichopindwa mpini. Lucy ndiye wa kwanza kupasuliwa. Aliwekwa kwa magoti na viwiko, madaktari kama dazeni wakitazama, akakatwa na kushonwa kwa muda wa saa nzima bila nusu kaputi. Sims aliacha kipande cha sponji ndani ili kivute mkojo, sumu ikaingia kwenye damu, na Lucy akakaribia kufa. Kupona kwake kulichukua miezi. Sims mwenyewe aliandika kwamba maumivu yake yalipita kiasi. Aliandika hivyo, kisha akaendelea. Anarcha alipasuliwa mara kama 30, na ile ya mwisho, 1849, iliyotumia nyuzi za fedha, ndiyo iliyofanikiwa. Makala yake ya 1852 ikamfanya maarufu. Akahamia New York, ikafunguliwa hospitali ya wanawake 1855, akaja kuitwa baba wa jinakolojia.

Kuna wanaomtetea, nami nimewasikia, baadhi yao madaktari ninaowaheshimu. Husema nusu kaputi ya etha ilikuwa ngeni. Ni kweli ilionyeshwa hadharani Boston Oktoba 1846, alipokuwa ameshaanza. Lakini aliendelea bila hiyo mpaka 1849, na hata 1857, etha ikiwa imezoeleka, aliwaambia madaktari wenzake kwamba upasuaji huu hauna maumivu ya kutosha kustahili usumbufu huo. Nimeshika mikono ya wanawake katika upasuaji huu huu wakiwa wamechomwa sindano ya ganzi ya mgongo, na bado waliminya vidole vyangu mpaka vikafa ganzi. Hoja nyingine ni kwamba wanawake wenyewe walitaka kupona, hata wakamwomba aendelee. Hilo silipingi kabisa. Ninayemkumbuka ni yule mama wa kwenye basi, naye angekubali lolote. Ila yeye aliweza kukataa akarudi kwao, na waliokuwa kwenye ua wa Sims hawakuweza kurudi popote. Na maneno yao wenyewe hayapo. Kila tunachoambiwa walikisema kimepita kwenye mdomo wa mtu aliyewashika.

Ninachotaka kukisema hasa ni kuhusu kusimama kwao, maana ndicho kilichonishika pale Mildred.

Kuna mchoro wa miaka ya 1950 wa Robert Thom, uliochorwa kwa ajili ya kampuni ya dawa ya Parke-Davis katika mfululizo wa kutukuza historia ya udaktari. Sims amesimama wima na chuma chake, kuna wanaume wengine wa kizungu, na juu ya meza amepiga magoti mwanamke mweusi aliyevaa nguo safi. Wengine wawili wanachungulia nyuma ya shuka. Hakuna damu, hakuna aliyelia, kila kitu kina adabu. Browder aliuona akiwa msichana wa miaka 18 anayesomea sanaa Atlanta, na miaka yote iliyofuata haukumtoka. Nilipoutazama nikiwa nyumbani baada ya safari ile, niliona mara moja kwamba mwanamke pekee aliye mbele ya macho yetu yuko katika mkao wa kupimwa. Hana mkao mwingine katika historia. Na ndivyo ninavyoukumbuka uwanja wetu wa kazi. Raundi inapita, profesa na wanafunzi wa udaktari nyuma yake, shuka linafunuliwa, watu wanazungumza juu ya tundu, ukubwa wake, umbali wake na mlango wa kibofu, na mwenye mwili amegeuza uso ukutani. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi mgonjwa aliitwa kwa namba ya kitanda. Daktari anayejitambulisha kwa jina na kuomba ruhusa kabla ya kufunua nilimwona mara chache sana, na wagonjwa walimsimulia kwa miezi.

Browder hakuwalaza. Alijifunza kuchomelea chuma ili awasimamishe, tena warefu kiasi kwamba kumtazama Anarcha usoni unainua kichwa. Sijui kama mtu ambaye hajakaa wodini anaweza kupata uzito wa jambo hilo. Sisi wauguzi tunawaona wanawake hawa wakisimama siku mpira wa mkojo unapotolewa, kama wiki mbili hivi baada ya upasuaji. Mama anashuka kitandani taratibu, anatembea hatua mbili tatu, kisha anasimama na kutazama sakafu katikati ya miguu yake. Pakiwa pakavu, hapo ndipo wodi nzima inapopiga vigelegele.

Kwa hiyo nitasema pia kinachokosekana, na nasema kwa heshima kubwa. Katika kazi zote za sanaa nilizoziona juu ya wanawake hawa kuna damu, kuna chuma, kuna jeraha. Mkojo haumo. Naelewa kwa nini, hakuna msanii anayetaka kuwavunjia heshima. Lakini ugonjwa wao ulikuwa ule. Anarcha aliishi miaka minne katika ua ule akiwa amelowa, na kila mara nyuzi ziliposhindwa alirudi kuwa amelowa tena. Ningependa siku moja nione kazi yenye vile vitambaa vilivyofuliwa mpaka vimekwisha rangi. Mwanamke aliyewahi kuugua angejiona hapo kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Na uuguzi wao pia unastahili sanaa yake. Sims aliposhindwa mwaka baada ya mwaka, madaktari wenzake walichoka wakamwacha, akabaki hana msaidizi. Hapo akawafundisha wanawake wenyewe. Wakawa wanashikana wakati wa upasuaji, wanapeana vifaa, wanatunzana baadaye. Hebu fikiria Betsey anamshika Lucy asitikisike, akijua wiki ijayo Lucy atamshika yeye. Katika Marekani ile hakukuwa na watu wengi waliojua upasuaji wa fistula kuliko hao. Wauguzi wa kwanza wa taaluma hii walikuwa wagonjwa wake, na shuleni kwetu tulipoadhimisha siku ya wauguzi tuliwasha mishumaa kwa ajili ya mwanamke mwingine kabisa, Florence Nightingale. Simnyang'anyi yule heshima yake. Nataka hawa nao wawashiwe.

New York walichukua njia nyingine. Sanamu ya Sims iliyosimamishwa huko 1894 ilikuwa imewekwa tangu 1934 kwenye ukingo wa Central Park, barabara ya tano na mtaa wa 103, ikitazama mtaa wa watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Agosti 2017 wanawake weusi vijana walisimama mbele yake wakiwa na magauni ya hospitali yaliyolowa rangi nyekundu kuanzia kiunoni. Picha hiyo ilizunguka dunia. Mwaka huo huo msanii Doreen Garner, sasa anajulikana kama King Cobra, aliunda ngozi ya silikoni kutoka kwenye umbo la sanamu ile, na mbele ya watu, Brooklyn, wanawake weusi wakaifanyia upasuaji. Mimi singeweza kuitazama moja kwa moja, na sidhani lengo lilikuwa niiweze. Aprili 2018 jiji likaishusha sanamu, ikapelekwa makaburini Green-Wood, alikozikwa Sims. Ilipofika wakati wa kuchagua mbadala, kamati ilimpendekeza msanii mmoja mkubwa, Simone Leigh. Wakazi wa mtaa wakasimama wakasema wao wanamtaka Vinnie Bagwell, na Leigh akajitoa ili wapate walichotaka. Nimeipenda sehemu hiyo kuliko zote. Kwa mara moja katika habari hii ndefu, waliohusika waliulizwa, na jibu lao likafuatwa.

Montgomery, Sims bado alikuwa amesimama kwenye uwanja wa bunge la jimbo tulipopita kwa gari, kama alivyosimamishwa 1939. Si mbali na akina mama wale.

Wenzangu waliniuliza njiani kwa nini yote haya yanatuhusu sisi tuliokuja juzi na viza. Niliwapa jibu la mwilini mwangu. Nilifanyiwa upasuaji wa vimbe vya kizazi katika hospitali moja hapa. Usiku ule nilipoomba dawa ya maumivu, muuguzi alinitazama akatabasamu, akasema ninyi watu mna nguvu. Alisema kwa upole, na ndiyo maana yaliniingia. Nikasubiri mpaka zamu ilipobadilika. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa 2016 wa Chuo Kikuu cha Virginia, uliokuta karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga wazungu waliohojiwa wanaamini angalau jambo moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, kwa mfano kwamba ngozi yetu ni nene zaidi. Waliokuwa na imani hizo walipima maumivu yetu pungufu. Mwaka 2021 takwimu za serikali ya Marekani zilionyesha vifo vya uzazi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi, na 26.6 kwa wazungu. Sisi tuliokuja na viza tumo ndani ya hiyo 69.9. Mlangoni mwa leba hakuna anayetazama pasipoti.

Na Montgomery haikuishia kwa Sims. 1973 mabinti wawili weusi wa familia maskini ya huko, dada wa miaka 14 na 12, walifungwa kizazi na kliniki iliyolipiwa na serikali kuu. Mama yao, asiyejua kusoma, aliweka alama ya X kwenye karatasi akidhani ni sindano ya uzazi wa mpango. Karatasi, alama, sahihi: hayo nayafahamu. Nimeshuhudia fomu za ridhaa zikisainiwa kwa dole gumba na mtu ambaye hajaelezwa anasaini nini.

Nilimtumia sista wangu wa zamani picha za sanamu, yule aliyenifundisha kazi ya wodi. Sikumwomba afanye nazo lolote. Akazionyesha kwa wagonjwa, akawasimulia kwa kifupi, kisha akanipigia wakiwa wamemzunguka, simu imewekwa sauti. Walikuwa na maswali, na hayakuwa yale niliyoyategemea. Mmoja aliuliza kama wote watatu walipona. Nikamwambia daktari wao aliandika kwamba Anarcha alipona, na baada yake akawashona wenzake kwa nyuzi zile zile. Mwingine, sauti ya mtu mzima, akauliza, "Nguo zao alikuwa anafua nani?"

Nikamwambia walikuwa wakihudumiana wenyewe.

"Basi waliweza," akasema, na wakaanza kuzungumza wao kwa wao juu ya sabuni na jua, na jinsi ya kukausha vitambaa msimu wa mvua bila majirani kuviona, mpaka sista akaniambia salio linakwisha.

Siku hizi ninawasindikiza akina mama wa kwetu wanaojifungua hapa Georgia, hasa wasiojua Kiingereza vizuri. Nikiingia chumbani na mama, la kwanza ni kumtaka kila anayeingia amwambie mama jina lake na amekuja kufanya nini, kabla ya kugusa shuka. Wengine hufurahi, wengine hukunja uso. Mama mmoja wa Goma aliniuliza nimejifunzia wapi ukali huo. Nikamtafutia picha ya Anarcha kwenye simu. Aliishika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa tumboni, akaiangalia mpaka uchungu ulipomrudia, tukarudi kwenye kazi ya kupumua.